Mafuta ya Asubuhi

4 Machi

Dada yangu mpenzi,

Kabla hujaanza kunigombeza: simu yangu ni nzima, ila kioo kimepasuka na sauti inakatikakatika. Ndiyo maana naandika na kumpa kondakta wa basi.

Nina shida, na shida yenyewe iko kwenye fani yako. Uso wangu umekauka, Dada. Si ule ukavu wa kujipaka kidogo na kusahau. Ukinigusa shavu utadhani umegusa gunia. Pembeni mwa pua ngozi inabanduka vipande vidogo vidogo, na nikicheka uso mzima unavutwa kama nguo iliyorudi baada ya kufuliwa. Hata maji matupu yananichoma. Juzi mwenzangu kazini kaniuliza kama nimeungua.

Nadhani ni kiyoyozi cha ofisini. Kinanipuliza siku nzima kama kina kisa na mimi. Nilijaribu ile losheni ya mwili ya chupa kubwa, ikaniwasha hadi machozi.

Wewe ndiye unayeuza vitu hivi, nichagulie. Nataka kitu kitakachokaa, kisichong'aa sana, na kisinukie marashi, maana kazini harufu tunazo za kutosha.

Mdogo wako,
Kitinda


9 Machi

Kitinda wangu,

Losheni ya mwili usoni! Nimelea mtu au nimelea mbuzi? Nimeisoma barua yako nimesimama dukani, nikasema "toba!" mpaka mteja akarudisha pesa yake mkobani. Na hizo harufu za kutosha ofisini ni za nani? Mwambie huyo mwenzio aoge.

Haya, sikiliza. Ngozi kavu haitaki kusuguliwa, inataka maji yafungiwe ndani. Losheni ni nyepesi mno kwako. Krimu ni nzito kidogo. Mafuta ya mgando ndiyo mazito kabisa: hayaongezi maji, ila yanayazuia yasitoke. Tuanze na krimu. Kopo hili la kifuniko cheupe halina manukato na lina glisirini. Acha sabuni ya kipande. Nawa maji ya uvuguvugu, jikaushe kwa kugusagusa tu, na upake uso ukiwa bado na unyevu. Ukisubiri ukauke umechelewa.

Jana kaja mama na binti zake, kila mmoja anataka krimu ya mwenzake. Nikawaambia, jamani, krimu haichaguliwi kwa uzuri wa kopo. Inachaguliwa kwa uso, na kwa mahali uso huo unaposhinda. Wako najua unashinda wapi, kazi ni rahisi.

Nikwambie kitu, usinicheke. Nikikumbuka upo ofisini, moyo wangu unatulia. Baba alikufa akitafuta pumzi kwa lile vumbi la mbao, na mimi ndiye niliyekuwa namshika mgongo akikohoa. Niliapa hakuna mwingine wa nyumba hii atakayekula kwa kifua chake. Basi hata hicho kiyoyozi nakipenda. Kikaushe uso tu, uso nitaushughulikia mimi.

Azima simu ya mtu unitumie picha, nikuone.

Dada yako


17 Machi

Shemeji,

Barua hii naituma moja kwa moja kwenye cherehani yako, isifike nyumbani. Ukimaliza kusoma, ichane.

Dada ananiomba picha ya uso, na siwezi kumtumia, maana ataona alama za mpira wa barakoa mashavuni na ataanza kuuliza. Unajua mwenyewe, uliponikuta karakana ya samani ile siku ulikuja kununua kitambaa cha makochi. Ofisi ilipunguza watu, nikabaki sina kazi. Chumba cha kupulizia vanishi kilikuwa na nafasi. Nikajaribu. Shemeji, naipenda kazi hii. Unapuliza mlango wa mbao uliofifia, ghafla mishipa yake yote inatokeza, unabaki unautazama. Ofisini sikuwahi kupenda kitu.

Uso wangu si kiyoyozi. Ni thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Matone ya vanishi yakinirukia usoni nayafuta kwa kitambaa chenye thina, maana sabuni haiyatoi. Krimu ya Dada inanituliza jioni, kesho yake nimeiondoa yote.

Kuhusu kifua usiwe na wasiwasi. Nina barakoa nzuri ya mpira. Msimamizi wetu hututazama kila asubuhi kama imeshika vizuri usoni. Ikishika, hata harufu huisikii.

Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, taratibu.

Kitinda


21 Machi

Shemeji yangu,

Nimeichana, na kabla sijaichana nimeisoma mara mbili na nimejichoma sindano.

Mimi nalala na huyu mwanamke. Kila mteja wangu anayekuja kupimwa suruali lazima asikie habari za shemeji yangu wa ofisini, maana dada yako akipita hapa hasalimii, anatangaza. Namtazama najisikia mwizi. Unaniweka pabaya, bibi wee.

Acha hiyo thina usoni, nakuomba. Nguo ukiitia thina inakwisha, sembuse shavu. Na mwambie mwenyewe, upesi. Atapiga kelele, atalia, halafu atakupikia. Akisikia kwa mtu mwingine, hapo sipo.

Shemeji yako,
Fundi cherehani


6 Aprili

Kitinda,

Picha sikuipata, na barua yako ya mistari minne inasema uso uko vilevile. Vilevile! Krimu ile nimewapa watu waliotoka majangwani ikawafaa. Nimekosa raha, nimefika mahali nasoma maandishi ya nyuma ya makopo kama mtu anayesoma mtihani.

Sasa tunaachana na upole. Nimekutumia mafuta ya mgando, mazito, hayana rangi wala harufu. Fanya hivi bila kubadilisha hata kimoja. Asubuhi, kabla hujatoka, ukishanawa, paka krimu kwanza, juu yake weka mafuta. Uweke ya kuonekana, usinibanie: mashavuni, pembeni mwa pua, kidevuni. Usiyafute. Mchana yakipungua, ongeza. Hewa ya hicho kiyoyozi haitapata pa kuingilia.

Wenzako wakikucheka unang'aa, waambie una dada.

Shemeji yako anakusalimu. Siku hizi kawa mkimya, sijui nani kamroga. Yeye ndiye aliyenishikia kamba nikifunga kifurushi.

Dada yako


24 Aprili

Dada wa mimi!

Njoo uniguse shavu. Nakwambia njoo! Limelainika. Matone hayashiki tena usoni, yanafutika yenyewe, na kule kubanduka kumekwisha. Nacheka bila kuumia. Naweka asubuhi kama ulivyosema, naongeza mchana, na kopo limebaki nusu. Wewe ni daktari uliyekosa cheti tu.

Sina jipya. Nimeshikwa na kikohozi kidogo na kichwa kinauma jioni, nadhani ni mabadiliko ya hewa. Vitu vingine vinanukia vitamu siku hizi, hata maji. Labda ni uchovu.

Ongeza kopo, kubwa zaidi.

Mdogo wako mwenye uso,
Kitinda


28 Aprili

Kitinda wangu,

Nimecheka peke yangu dukani mpaka nikafunga mlango. Nilijua tu! Sikuelewa hayo matone ni matone gani, au mnamwagiana chai huko ofisini? Lakini nimefurahi mno hata sikutaka kuuliza sana.

Kopo kubwa hilo hapo. Endelea vilevile, usipunguze. Kikohozi ni hicho kiyoyozi, mwambie bosi wako apunguze, na unywe maji ya moto. Mimi kikohozi sikipendi, unajua sababu.

Dada yako


3 Mei

Shemeji,

Kikohozi cha nini? Nimesikia kwa dada yako mezani, akakisema kama jambo dogo, mimi nikaacha chakula. Wewe uliniambia ukivaa hiyo barakoa harufu huisikii. Bado huisikii? Nijibu hilo tu, hata kwa neno moja.

Usiponijibu nitasema mwenyewe, na unichukie.

Fundi cherehani


19 Mei

Mume wangu,

Nimefika. Hiyo ndiyo salamu utakayoipata leo.

Mdogo wangu yuko hai. Nakuandikia nimekaa kwenye benchi nje ya wodi kwa sababu nikipiga simu nitakutukana na watu wanasikia. Alianguka ndani ya chumba cha kupulizia, bomba la vanishi mkononi. Kwa hiyo nimejua. Nimepigiwa simu na karakana, mimi nikabisha, nikawaambia mmekosea namba, mdogo wangu ni wa ofisini. Nilibisha, unaelewa? Mpaka wakanitajia kovu la unyusi wake.

Kifua chake kinapiga filimbi. Wamemwekea oksijeni. Midomo imepasuka, uso umekauka tena. Nikatoa mafuta mkobani nimpake, muuguzi akanidaka mkono: "Mama, mafuta hapana, hapa kuna oksijeni, ni hatari ya moto." Mimi ambaye watu wanavuka mji kuniuliza habari za ngozi, nimekaa kwenye kiti nautazama uso wa mtoto niliyemlea ukipasuka na siruhusiwi kuugusa.

Leo nimekwenda karakana. Msimamizi wake ni mtu mpole, aliniletea kiti. Akaniletea na ile barakoa. Akasema barakoa ni nzima, kichujio ni kipya, kakibadilisha mwenyewe. "Lakini tazama, Mama." Akapitisha kidole kwenye mpira wa ndani, kikatoka kinang'aa. Mpira unashika ngozi kavu, kasema. Ukikuta mafuta unateleza, na hewa inapita pembeni. Asubuhi alikuwa akimkagua inaonekana imeshika, akianza kutoka jasho inaachia. Amekuwa akivuta vanishi tangu mwezi uliopita na hakujua. Halafu akaniuliza, kwa upole uleule, "Sijui nani kamshauri ajipake mafuta haya asubuhi?"

Nikamwambia, "Niachie hilo, nitazungumza naye mwenyewe." Nikatoka nje, nikarudi hospitali.

Kitinda alipozinduka akaniuliza kwa macho imekuwaje. Nikamwambia kichujio kilikuwa kimechoka. Sikupanga, maneno yalitoka yenyewe.

Na wewe ulijua, msimamizi kaniambia ulimkuta pale ulipokwenda kununua kitambaa. Ulijua anapofanya kazi, na ukanishikia kamba nikifunga kopo. Ungesema neno moja nisingetuma. Ninyi wawili mmenichezea kama mtoto. Yeye ndiye ananiuma zaidi. Aliniogopa. Miaka yote hii nilidhani ananiheshimu, kumbe ananiogopa.

Usije. Nyoosha chumba cha nyuma, nitakuja naye akipona.

Mkeo


23 Mei

Mke wangu,

Chumba nimekinyoosha. Nimepaka na chokaa.

Sina utetezi. Nilimtishia kwamba asiponijibu kuhusu kikohozi nitakwambia; hakujibu, na bado sikukwambia. Aliniandikia kwa mkono wake kwamba barakoa lazima ishike usoni, na mimi nikakushikia kamba ya kopo la mafuta. Nashona nguo maisha yangu yote, najua kitambaa kikiwa na mafuta hakishiki hata chaki. Nilikuwa na vipande vyote viwili mkononi na sikuviunganisha. Nilikuwa nimeshughulika kulinda siri. Nitukane, nimestahili.

Lakini usimfiche na wewe. Umesema kichujio. Mke wangu, akiamini ni kichujio, atabadilisha kichujio. Unanielewa?

Mwambie kabla hujaondoka hapo kitandani. Huu ukimya mimi nimeshauonja.

Mumeo


14 Juni

Dada yangu,

Najua ulitaka tuondoke pamoja, na najua ulilia kwenye basi, kondakta kaniambia. Nisamehe. Nisamehe kwa hilo na kwa uongo wa ofisi. Nilikuwa nikianza kuandika ukweli namwona Baba, halafu nakuona wewe nyuma yake umemshika mgongo, kalamu inagoma. Hukunigombeza hata mara moja pale hospitali. Ningependa ungenigombeza.

Sasa usikasirike. Jumatatu narudi kazini. Daktari ameniruhusu kwa sharti moja, kwamba nisivute hewa ile tena hata kidogo. Kasema kifua kimeshakuwa chepesi kushtuka, safari nyingine ya namna ile huenda nisiamke. Lakini tatizo si lilikuwa kichujio? Msimamizi kanipa kipya, nimekifunga mwenyewe, nimekikagua juani. Akaniuliza kama umezungumza nami, nikamwambia ndiyo, dada yangu kaniambia yote. Akaridhika. Hata thina nimeiacha, nakuapia.

Najua utaogopa. Mimi mwenyewe naogopa. Ila nikikaa ndani naona nimekufa tayari, na kule kuna milango inanisubiri.

Nina ombi moja. Uso umerudi kama gunia, hewa ya hospitali imeumaliza. Yale mafuta yako ndiyo pekee yaliyowahi kunifaa. Nitumie kopo lifike kabla ya Jumatatu, nianze nayo asubuhi hiyohiyo.

Kitinda


16 Juni

Kitinda,

Usivae barakoa. Soma mpaka mwisho kwanza, halafu ufanye utakalo, ila usivae.

Kichujio hakikuwa kimechoka. Kilikuwa kipya, msimamizi wako alinionyesha. Ni mafuta. Ni mafuta yangu, Kitinda. Mpira wa barakoa haushiki ngozi yenye mafuta, unateleza, na vanishi inapita pembeni mwa pua na chini ya kidevu, palepale nilipokuandikia uweke mengi usinibanie. Kile kitamu ulichokuwa unanusa ndicho kilichokuangusha. Nilijua tangu siku ya kwanza pale hospitali. Nilikukalia kitandani, nikakulisha, nikakusuka nywele, nikakudanganya.

Nimekupigia kwenye hiyo simu yako inayokatika tangu urudi nyumbani, kila mara nikiwa nimejipanga kusema, na kila mara nikaishia kukuuliza kama umekula. Niliona aibu. Nilikuwa nawaambia watu dukani namna nilivyouponya uso wa mdogo wangu. Nilitaka ubaki unaniona vilevile, na kwa ajili hiyo ungeingia Jumatatu kwenye chumba kile umejipaka kifo usoni na kunishukuru. Jana nimeshika kopo mkononi kulifunga. Nakwambia ukweli mtupu, nilishalikatia karatasi. Shemeji yako alikataa kunishikia kamba.

Kopo silitumi. Ukirudi kazini au usiporudi, uamuzi ni wako, nimekoma kukuamulia. Nataka usirudi. Nataka uje hapa, nikuone. Lakini kama utarudi, uingie uso mkavu kabisa, hata ukiuma, usiwe na chembe ya kitu mahali mpira unapokaa. Msimamizi akukague asubuhi, akukague tena ukishatoka jasho, na kama unasikia harufu hata ya mbali, toka mbio. Krimu upake jioni tu ukishaoga, ile ya kifuniko cheupe, na asubuhi uinawe yote. Uso utachukua muda. Sina dawa ya haraka, na yeyote atakayekwambia anayo, mkimbie, hata akiwa mimi.

Barua hii anaileta shemeji yako kwa mkono. Amesema habanduki mlangoni kwako mpaka uisome mbele yake. Mpe maji, amesafiri bila kula.

Ukimaliza, chukua simu yake unipigie. Nitukane, sitakata. Na usipokuwa na la kuniambia, nipigie hivyohivyo ukae kimya, nisikie unavyopumua.

Dada yako